Bahari Chini ya Matikiti

Walisema chini ya kisima cha kale kuna mto. Si mkondo, si chemchemi: mto mzima, ndugu yake Sabaki wa baba mmoja na mama mmoja, unaopita gizani chini ya mawe, na atakayekikamua kile kisima kwa nguvu za kutosha atautoa nje. Neno hilo lilikuja kwa sauti ya Watsapu katika kundi letu la akina mama, msemaji anahema kama aliyeuona kwa macho yake. Nililisikiliza nikichambua mchicha. Nikalirudia. Nikalirudia tena, mpaka mchicha ukaninyaukia mapajani.

Mimi ni mtu wa hofu. Kuku akinyamaza naenda kumtazama kama amekufa. Mtoto akicheka sana namgusa kipaji cha uso kama ana homa. Basi wenzangu waliposikia mto wakaona mpunga na mabata, mimi nilimwona binti yangu Sidi akielea juu ya mto huo, jembe mkononi, akinipungia, maji yanampeleka Uarabuni.

Nasikia sasa uvumi ule ule umevuka umefika vijiji vya jirani, na watu wameanza kuulizia pampu ya kuazima. Ndiyo maana naandika. Mkishasoma, mfanye mtakavyo, lakini msiseme Mama Sidi alinyamaza.

Sidi ni kifungua mimba wangu. Alipomaliza shule, wenzake wakaenda Mtwapa kupanga vyumba, yeye akasema anataka kulima matikiti. Nikamwambia, "Mwanangu, matikiti yanataka maji." Akasema, "Na mimi nataka matikiti, mama, kwa hiyo tutakutana."

Shamba lenyewe liko juu kidogo ya mto Sabaki. Bondeni hatulimi, kwa sababu viboko hula kila kitu na kukuachia nyayo kubwa kama masufuria ya harusi. Ni ardhi ya ukoo, na kwa kuwa Baba Sidi yuko kazini Mombasa, neno ni la mdogo wake, mulamu wangu Gona. Gona ana moyo mzuri, ila moyo wenyewe haukai kitako. Alikuwa amepata mtu mwenye mashine ya kukata mawe ya kujengea, na alishaanza kuota. Akamwambia Sidi mbele yangu:

"Mwanangu, nakupa mpaka Ramadhani. Nikikuta shamba ni kijani, lima mpaka uzeeke. Nikikuta limekauka, mashine inaingia."

Mnaijua mashine ile. Ikishaingia shambani haitoki mpaka pawe shimo, na shimo halizai tikiti.

Sisi ni watu wa kanisa, lakini Ramadhani tunaijua kwa tikiti. Jua likizama, kila nyumba Malindi inataka kipande, na mkulima aliye na tikiti lililoiva mwezi ule hutembea kama bwana harusi. Sidi alihesabia hapo.

Sasa sikilizeni habari ya kisima. Kando ya shamba kuna magofu ya mji ambao hakuna anayeujua jina. Kuna kuta chache za matumbawe, mlango usio na nyumba, na kisima ambacho mdomo wake umeliwa na kamba za watu waliokufa zamani sana, hata jiwe limefanya mifuo ya kulaza kidole. Kando ya kisima lipo birika la chokaa, kubwa kama kitanda cha watu wawili. Sisi sote tulipita pale miaka yote kutafuta kuni, tukaona mawe. Sidi alipita akaona mfereji. Aliufukua kwa jembe, kutoka birikani, ukateremka, ukateremka, mpaka ukaingia katikati ya shamba lake kama uliokuwa ukimngoja.

"Mama! Walikuwa wakilima hapa hapa! Njoo uone, mama, walikuwa na akili hawa watu!"

Alikuwa akirukaruka juu ya udongo. Nami nikaruka, miguu ikanishinda, nikakaa chini nikacheka.

Kitu kimoja tu kilitushangaza: tundu la birika, pale maji yanapotoka kuingia mferejini. Lilikuwa dogo mno, hata kidole gumba hakikupita. Jirani yangu Harusi, ambaye watu wake walitoka Pate na ambaye huuza achari na mabuyu mlangoni pake, aliinama akalichungulia.

"Shoga, walikuwa wakimnyweshea nani? Sisimizi?"

"Labda walikuwa na matikiti madogo," nikasema.

"Labda na wao wenyewe walikuwa wadogo. Ndiyo maana milango yao mifupi."

Tukacheka, lakini kazi ikaenda. Asubuhi Sidi huchota kwa ndoo na kamba, anajaza birika, kisha anaondoka. Maji yanatoka kwenye lile tundu kidogo kidogo, yanateremka mferejini bila haraka, yanaingia kwenye matuta mchana kutwa. Matikiti yakatambaa. Yakatoa maua. Kila ua moja Sidi alikuja kuniita nilione, kama kwamba ni mjukuu.

Ndipo uvumi wa mto ukafika, na ukamfikia Gona pia.

Alikuja asubuhi na pampu ya petroli aliyoiazima, imefungwa nyuma ya pikipiki kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Nyuma yake watu. Nyuma ya watu, mbuzi wa watu.

"Mulamu," nikamwambia, "na huo mto ukitoka wote kwa mara moja?"

"Tutaufungulia bondeni."

"Na viboko wakiufuata?"

"Mulamu, wewe ukipewa pepo utauliza kama ina ngazi!"

Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu furaha ya watu wengi ni kama ndui, huambukiza.

Wakati huo huo akatokea Kambi kwa baiskeli. Kambi ni kijana wa watu, anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huko kaskazini, na alikuwa na tabia ya kupita kwetu hata njia yake ikiwa nyingine. Siku hiyo aliniletea gunia dogo la chumvi. "Shikamoo mama." "Marahaba." Gunia akaliegemeza ukutani, akachota maji kwenye ndoo, akanawa miguu kando ya kisima, akawa anamtazama Sidi, na Sidi akawa anatazama tikiti. Likumbukeni hilo gunia.

Gona alimimina tembo la mnazi kidogo kwenye jiwe, akawaomba radhi wazee wenye kisima, wake na wa watu wengine, ili asikosee. Harusi akageuza uso akasema bismillahi upande wake. Pampu ikavutwa kamba. Ikakohoa. Ikavutwa tena. Ikanguruma!

Jamani. Maji yalitoka kwenye mpira mnene kama mguu wa mtu. Birika likajaa kabla hatujamaliza kupiga kigelegele, likafurika, na lile tundu dogo likawa linatema uzi tu. Gona akapandwa na hasira za furaha.

"Hawa wazee walikuwa na ubahili gani? Leteni tindo!"

"Baba mdogo, liache," Sidi akasema. "Wameliweka makusudi."

"Makusudi ya kunichelewesha!" Akagonga, akagonga, tundu likawa linaingia ngumi, na maji yakateremka mferejini yakiunguruma. Watoto wakaingia na nguo. Mbuzi mmoja akaingia bila kutaka. Akina mama wakafunga leso viunoni, ngoma ikapatikana, sijui ilitoka wapi, na mimi ninayeogopa hata mvua nilicheza mpaka kilemba kikaanguka mferejini kikaenda zake shambani.

Kila mtu alikuwa anapanga. Huyu mpunga. Yule samaki wa kufuga. Gona akasema mashine ya mawe aiambie isije, yeye sasa ni mtu wa mto. Sidi peke yake alikuwa anazunguka matuta, anayatazama maji yanavyofunika mashina, anakunja uso.

Mchana tukachemsha chai ya sherehe kwa maji yale yale ya kisima. Gona akapewa kikombe cha kwanza. Akanywa. Akasimama.

"Nani ametia chumvi kwenye chai?"

Tukamtazama aliyepika. Aliyepika akaapa. Tukaonja wote, tukatemeana mate miguuni. Nikaenda pampuni nikakinga kiganja: chumvi! Moyo wangu ukaanguka mpaka kwenye visigino.

Hapo ndipo Gona alipoliona gunia ukutani.

"Aaa! Aaaa! Mwenye chumvi ni nani hapa? Ni huyu! Amenawia kisimani!"

"Mzee, nilinawa miguu tu," Kambi akasema.

"Miguu ya wapi? Miguu inayokanyaga chumvi kutwa!"

"Mzee, mimi nafanya kazi ya kuitafuta chumvi. Kama miguu yangu ingetosha kukoleza kisima, tajiri angeniuza mimi kwa kilo."

Watu wakacheka, lakini hawakuachilia. Mmoja akataka alambwe mguu tupate hakika. Mwingine akauliza alambe nani, na hapo wote wakarudi nyuma. Sidi alikuwa amefura kama mkate wa mofa. Mimi mama yake nilisimama katikati, nashindwa: kijana ananiamkia vizuri, lakini gunia nalo limesimama pale pale, halina mtetezi.

Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipokosea kosa lenyewe, sote tukiwa na akili zetu timamu na ngoma inapigwa. Tuliamua kuitoa chumvi ya Kambi. Kivipi? Kwa kukivuta kisima mpaka chumvi yake yote iishe! Gona akajaza petroli. Pampu ikanguruma mpaka alasiri. Kila baada ya muda tunaonja, na kila tukionja maji yamezidi ukali, na kila yakizidi Gona anamwangalia Kambi na kusema, "Ulinawa sana wewe!"

Mwisho pampu ikavuta hewa, ikalia kama paka aliyekanyagwa, ikazima. Ngoma ikanyamaza. Mto haukutoka.

Asubuhi yake ncha za majani ya matikiti zilikuwa zimeungua, rangi ya karatasi iliyokaribia moto. Sidi alichuchumaa tutani. Gona alikuja, akatazama, akakohoa.

"Mwanangu, mimi nimejaribu. Nampigia mtu wa mashine."

"Baba mdogo, ulisema Ramadhani," Sidi akasema bila kuinua kichwa. "Ramadhani bado."

Nilirudi nyumbani nikilia njiani. Harusi akaniona akaniita nikae. Alikuwa akikuna nazi, anakamua tui kwa ajili ya mchuzi, na mkono wake haukusimama wakati nalia.

"Shoga, kisima chenu kimeletewa bahari."

"Kambi ndiye..."

"Muacheni mtoto wa watu na miguu yake! Hebu tazama hapa." Akaniletea bakuli la tui lililokaa tangu asubuhi. Juu limeganda zito, jeupe, tamu. Chini maji yake. "Kwetu Pate visima vya nyumba zote vilikuwa hivi. Bahari iko chini yetu, maji matamu yamelala juu yake kama tui zito. Ukichota kwa upole unapata zito. Ukiingiza mkono ukakoroga?" Akakoroga kwa kidole. Tui likachanganyika lote. "Nyanya yangu alikuwa akituchapa tukichota kwa fujo. Tena jioni kisima kilikuwa kikifunikwa kilale. Mimi nilidhani ni ukali wake tu."

"Mbona hukusema jana?"

"Jana nilikuwa nacheza kama wewe, shoga. Nani alikuwa anakumbuka nyanya?"

Nikanyanyuka na bakuli lake mkononi, nikakimbia nalo mpaka shambani, tui linanimwagikia kifuani. Sidi aliliangalia bakuli, akaniangalia mimi, akaangalia tundu la birika lililovunjwa.

"Mama. Tundu lilikuwa kipimo." Akasimama. "Tundu dogo, birika haliishi haraka. Birika haliishi haraka, hakuna haja ya kuchota haraka. Walimfunga mikono mtu yeyote mwenye haraka. Walimfunga baba mdogo kabla hajazaliwa!"

Akaanza kucheka, huku machozi yanamtoka, nami nikacheka, tukashikana pale tutani kama walevi.

Lakini kucheka hakunyweshi. Kisima kilihitaji kulala, na matikiti yalihitaji maji siku hiyo hiyo. Tukakifunika kwa makuti. Kisha nikatuma sauti yangu mwenyewe kwenye Watsapu, nikihema kweli kweli, nikawaomba akina mama mweria, ile kazi yetu ya kusaidiana shamba kwa shamba. Nilisema: kila aliyecheza jana aje na mtungi.

Walikuja! Walikuja wanawake wa mweria na mitungi ya manjano, Harusi na punda wa shemeji yake, na Kambi na baiskeli yake, mitungi miwili huku, miwili kule. Kutoka kioski cha maji mpaka shambani ni mwendo wa kukutoa pumzi, na tuliupeleka kwa nyimbo, maneno mengine siwezi kuyaandika hapa. Walimtungia Gona wimbo wa mto wake. Walimtungia Kambi wimbo wa miguu yake. Punda akapata wake. Tuliosha mizizi kwa maji matamu, shina moja moja, kwa kata, kila asubuhi.

Gona alivumilia kutuangalia kwa mbali mpaka wimbo ukamchosha. Siku moja akaja na mtungi kichwani, kichwani hasa, kama sisi. Vigelegele alivyopigiwa! Akasema, "Nimekuja kwa sababu wimbo una uongo. Sikusema viboko wataogelea Malindi."

"Ulisema samaki," Harusi akamjibu.

"Samaki nilisema."

Bamvua ikaja, bahari ikajaa, na maji ya kisima nayo yakapanda, maana visima vya pwani yetu hupanda na kushuka na bahari. Sidi akatoa makuti. Akafunga kata kwenye mti mrefu, akaiteremsha taratibu, akachota juu juu kama mtu anayeengua tui. Tulikuwa tumekizunguka. Akanipa mimi.

Nilionja. Niliogopa kumeza. Nikameza.

"Tamu," nikasema.

Kisha akateremsha ndoo yenye jiwe mpaka chini, akampa Gona. Gona akanywa akakunja uso mzima. Akamgeukia Kambi, kila mtu anangoja.

"Kijana, miguu yako haina neno." Halafu, kwa kuwa Gona hajui kuishia mahali, akaongeza, "Mkwe wangu."

Sidi akajifunika uso kwa leso. Kambi akaanguka kwenye baiskeli aliyokuwa amesimama nayo tu, wala haendeshi. Mimi nilitaka kuuliza maswali mengi, kabila la mama yake, afya ya baba yake, lakini hakuna aliyenisikia kwa kelele.

Tundu la birika Sidi alilitengeneza kwa bua la mpapai. Mnajua bua la jani la mpapai lina uwazi katikati. Alilipachika, akaziba pembeni kwa udongo wa kichuguu, maji yakarudi kutoka uzi mwembamba. Bua likioza anakata jingine. Tukachota asubuhi, maji yakiwa yamepanda, birika moja basi, na jioni makuti juu. Gona ndiye aliyejipa kazi ya kusimama pale na kupiga kelele, "Imetosha! Imetosha!" hata kwa mtu aliyekuja kunawa.

Baadhi ya mashina yalikufa, siwezi kuficha. Yaliyobaki yakachanua majani mapya juu ya yale yaliyoungua. Na mwezi wa Ramadhani ulipoandama, mwenye mashine ya mawe alikuja na lori lake akasimama mpakani, mikono kiunoni. Mbele yake kulikuwa na shamba kijani, si lote, lakini kijani, na matikiti yamelala kama watoto waliolala mchana.

Gona akachagua moja, akaligonga kwa kidole, akalipasua juu ya goti. Jekundu! Akakata kipande akala. Nilimtazama mdomo kama nimtazamavyo daktari. Alikuwa na hofu ya chumvi, nami nilikuwa na hofu yake. Akatafuna, akatema mbegu, maji yakamtiririka kidevuni mpaka kwenye shati. Akakata cha pili. Kisha akamkatia mwenye lori kipande kikubwa, akamfungulia mlango wa lori, akamwambia, "Utakula njiani. Hapa pana mwenyewe."

Sidi alinikumbatia kwa nyuma mpaka tukaanguka wote kwenye tuta. Kilemba changu, kile kilichokwenda na mfereji, kilikutwa siku ya mavuno chini ya tikiti kubwa kuliko yote, kimeota nyanya mwitu.

Basi, nyinyi mnaouliza pampu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usivute kisima cha karibu na bahari kwa pampu, hata ukiambiwa ni ndogo.

Usikichimbe zaidi kutafuta mto. Chini hakuna mto. Chini kuna bahari.

Usipanue tundu ulilolikuta dogo kabla ya kujua nani alilifanya dogo na kwa nini.

Usichote maji yakiwa yameshuka.

Usikiache kisima wazi usiku.

Maji yakianza chumvi, usiendelee kuyatoa ili yaishe. Acha. Funika. Chukua mtungi uende kioski.

Usimsingizie mtu kwa sababu ya gunia lake.

Usipike chai ya sherehe kabla ya kuonja maji.

Na sauti ya Watsapu inayohema sana, usiisikilize ukichambua mchicha.